Nani Ameshika Daftari? Historia ya Miji ya Dhahabu ya Kanda ya Ziwa

Mwezi Machi 2017 makontena yalikwama Kurasini. Malori yaliyotoka migodi ya Kahama yalikuwa yameizoea njia yake: Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, kukata kulia kuingia Mandela, kupita Buguruni na Tazara, kisha kuteremka mpaka lango la bandari. Ndani ya makontena mlikuwa na mchanga mzito wenye shaba, fedha na dhahabu, uliokuwa ukipelekwa kuyeyushwa ng'ambo. Serikali ikatangaza kwamba mchanga huo hautavuka bahari tena. Baada ya wiki chache tu, neno ambalo wahandisi na mawakala wa forodha waliuitia mchanga huo, makinikia, likawa neno la vijiwe vya kahawa Temeke, la daladala za Mbagala na la vibaraza vya Mwananyamala.

Sisi wa Dar es Salaam tulikuwa tumezoea kuiona dhahabu kama habari ya mbali, ya Geita, Kahama na Tarime, safari ya siku nzima kwa basi. Makontena yale yalitukumbusha kwamba kwa miongo mingi dhahabu ya Kanda ya Ziwa imekuwa ikipita mbele ya milango yetu. Yalitukumbusha na jambo jingine zito zaidi. Mwamba uko kule, lakini maandishi ya kusema nani achimbe, kwa bei gani, na kiasi gani kimehesabiwa, mara nyingi yaliandikwa huku pwani, au ng'ambo kabisa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya miji ya dhahabu ni historia ya daftari hilo: nani alilishika, na mji ulibaki na nini alipoondoka nalo.

1894–1916: Mjerumani na sarafu ya tembo

Kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria kuna mikanda ya miamba mikongwe yenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Ndani ya mikanda hiyo, dhahabu imejificha katika mishipa ya mawe meupe ya kwatzi. Wajerumani waliotawala Tanganyika waliitambua dhahabu hiyo mwaka 1894, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wameshaiona hata Geita. Lakini kuiona ni jambo moja na kuifikisha sokoni ni jambo jingine. Kutoka ziwani hadi pwani mizigo ilibebwa vichwani mwa wapagazi, na hakuna kampuni iliyokuwa tayari kupandisha mashine nzito kwa njia hiyo.

Reli ndiyo iliyobadilisha hesabu. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wakati reli ikisogea, mgodi wa Sekenke katika nchi ya Wanyiramba, ambayo leo ni mkoa wa Singida, ulikuwa umeshaanza kuchimbwa mwaka 1909. Huo ndio mgodi wa kwanza wa dhahabu wa maana katika nchi yetu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofunga bahari, Wajerumani walikatiwa fedha kutoka kwao. Serikali yao ilirudi nyuma hadi Tabora, na huko, mwaka 1916, mafundi wakatumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja palikuwa na tai wa dola, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Zilipigwa zaidi kidogo ya sarafu 16,000. Mwezi Septemba mwaka huohuo Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza na Tabora mikononi mwa Wabelgiji. Leo sarafu hiyo inatafutwa na wakusanyaji wa sarafu duniani kote, na kila mmoja anaijua kwa jina la Tabora. Jina la Sekenke, mahali palipochimbwa dhahabu yenyewe, halikuandikwa popote juu yake.

1922–1940: Bei yapanda London, mji wazaliwa ziwani

Mwingereza aliichukua nchi na kuyarithi mashimo. Rashi (mmiminiko wa watu machimboni) ya kwanza kubwa ya wakati wake haikuwa ziwani bali kusini-magharibi, katika mto Lupa huko Chunya, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922. Huko dhahabu ilikuwa ya kuchekecha mchangani, na ilihitaji karai, maji na nguvu za mikono kuliko mtaji. Kaskazini hali ilikuwa tofauti. Dhahabu ya ziwani imeshikamana na jiwe gumu, na jiwe gumu linataka mashine, umeme na kampuni.

Mambo mawili yaliileta kampuni. La kwanza ni reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928. La pili ni bei. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Katika miaka hiyohiyo mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei ya mkonge, kahawa na pamba. Walowezi waliofilisika mashambani waligeukia mashimo.

Mfano ulio karibu nasi ni wa majirani. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, magharibi mwa Kenya, katikati ya mashamba ya Waluhya ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeahidi kisheria kuyahifadhi. Wazungu wakamiminika. Mwaka 1932 sheria ya ardhi ilirekebishwa haraka ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa ajili ya machimbo bila wenyeji kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi mkubwa wa huko, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952. Dhahabu ilikuwa imekwisha, lakini ukweli kwamba ahadi ya ardhi inaweza kufutwa kwa mstari mmoja wa sheria ulibaki katika kumbukumbu za watu.

Upande wetu wa ziwa, Musoma ilikuwa na Buhemba na Kiabakari. Geita, mgodi wake ulianza kazi mwaka 1936 na ukawa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Mahali palipokuwa na vilima, mashamba na mifugo ya Wasukuma na Wazinza pakatokea mitambo ya kusaga mawe, kambi za vibarua, maduka ya Wahindi na ofisi za serikali. Vibarua walitoka vijijini jirani na hata mbali zaidi, wakitafuta fedha ya kodi ya kichwa. Kivitendo leseni ilikuwa ya Mzungu au ya kampuni, na Mwafrika alikuwa na kipande cha kazi. Dhahabu ilivushwa ziwani, ikapanda treni Mwanza na kuteremka mpaka pwani.

Huo ndio muundo wa kwanza wa mji wa dhahabu: mgodi mmoja, mwajiri mmoja, njia moja ya kutokea. Mji wenyewe haukuwa na chake katika daftari.

1940–1975: Kimya

Muundo wa namna hiyo hudumu kwa muda ule tu ambao bei inaruhusu. Baada ya Vita vya Pili gharama za mishahara, mafuta na vipuri zilipanda, lakini wakia moja ya dhahabu ilibaki dola 35, kwa sababu mataifa makubwa yalikuwa yameifungia hapo. Kampuni ziliendelea kuchimba jiwe lililo bora, zikaliacha lililo hafifu, na hatimaye zikafunga. Geita ilifungwa mwaka 1966, baada ya kutoa karibu wakia milioni moja katika miaka thelathini. Kiabakari nayo ilifungwa karibu na wakati huo, na Buhemba ikafuata.

Mwaka uliofuata kufungwa kwa Geita ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha. Mwalimu Nyerere aliamini kwamba madini hayaozi: ni heri yakae ardhini hadi Watanzania wawe na ujuzi wa kuyachimba wenyewe, kuliko yatolewe haraka kwa faida ya wengine. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilianzishwa mwaka 1972 kubeba matumaini hayo. Halikuwa na mtaji wala mitambo ya kutosha. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, dhahabu iliyoandikwa rasmi nchini ilikuwa karibu na sifuri.

Lakini mji hauzimiki kama taa. Watu waliokuwa vibarua wa Geita walibaki, na ujuzi wao ukabaki nao. Walijua mshipa unavyolala, unavyopotea na unavyoonekana tena mbele. Walijua harufu ya baruti na uzito wa jiwe lenye mali. Walirudi kulima pamba na muhogo, na elimu hiyo wakawapa watoto wao. Katika kipindi hiki mwamba haukuwa na daftari kabisa, na hapo ndipo mwananchi wa kawaida alipoanza kuusogelea.

1975–1996: Enzi ya maduara

Katikati ya miaka ya 1970, wenyeji wa Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama ya wakati huo, waliona dhahabu katika ardhi waliyokuwa wakiilima. Miaka michache kabla ya hapo dunia ilikuwa imeifungulia dhahabu bei yake, na kufikia Januari 1980 wakia moja iligusa dola 850. Nyumbani uchumi ulikuwa umebanwa: baada ya vita vya Kagera sabuni, sukari na nguo vilikuwa adimu, na shilingi ilipungua thamani kila uchao. Mtu mwenye gramu tano za dhahabu mfukoni alikuwa na kitu ambacho shilingi haikuweza kumpa, akiba isiyoliwa na mfumuko wa bei. Sehemu kubwa ya dhahabu ilivuka mpaka kwa magendo. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, wenye dhahabu na wenye magunia ya sukari waliingia katika kapu moja.

Serikali ilipoanza kulegeza masharti katika miaka hiyo ya 1980, ikimruhusu mchimbaji mdogo kumiliki eneo dogo kisheria, rashi ilipata mwanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu iliamua kununua dhahabu kwa bei iliyokaribia ile ya soko, bila kumuuliza muuzaji maswali mengi. Dhahabu ambayo kwa miaka ilikuwa inapita kichakani ikatokea hadharani. Kwa kipindi kifupi mauzo rasmi yalipanda kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana tangu uhuru. Mpango huo haukudumu. Benki ilipoacha kununua kwa namna ile, wanunuzi binafsi wakachukua nafasi yake na magendo yakarudi. Lakini somo lilibaki wazi kwa anayetaka kulisoma: mchimbaji mdogo hachukii daftari, huchukia daftari linalomnyonya.

Enzi hii ndiyo iliyozaa miji kama Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Kakola, na inafaa kueleza ilivyofanya kazi, kwa sababu ndiyo iliyoweka misingi ya tunayoyaona leo.

Rashi huanza kwa tetesi. Mtu ameona dhahabu shambani kwa fulani, na usiku haujaisha kabla mamia hawajafika na sururu. Mwenye shamba, mwenye leseni na mwenye duara wanapatana. Duara ni shimo linaloshuka wima kuufuata mwamba, huku kuta zake zikishikizwa kwa matimba ya miti. Mfadhili hutoa chakula, kamba, baruti na pampu ya maji. Wachimbaji hutoa jasho na wakati mwingine uhai. Mawe yakipatikana hugawanywa kwa viroba na si kwa mshahara, kila upande na fungu lake. Viroba huenda kwenye karasha, unga wa jiwe huoshwa mwaloni juu ya magunia au mazulia yanayonasa chembe nzito, kisha zebaki huikusanya dhahabu katika donge dogo la rangi ya fedha. Donge linachomwa motoni, zebaki inapaa kwa moshi, dhahabu inabaki. Mchanga uliokwisha kuoshwa, unaoitwa marudio, haumwagwi: wenye mtaji huununua na kuuloweka kwenye sayanaidi ili kupata kilichosalia.

Katika kila hatua kuna mtu anayekula. Kinamama hugonga mawe kwa nyundo na wengine hupika. Wapo wenye pampu, wenye jenereta, wauza mashoka, wenye nyumba za wageni, madalali wenye mizani ya mfukoni. Mgodi wa Kizungu wa 1936 ulikuwa na mwajiri mmoja. Rashi ina waajiri mia. Ndiyo maana Katoro, mji usio na mgodi mkubwa wake wenyewe, ulikua na kuwa soko kubwa la mkoa wa Geita: fedha iliyogawanywa kwa mikono mingi hutafuta duka lililo karibu.

Na hutafuta Dar es Salaam pia. Vituo vya mabasi ya mikoani vilikuwa mlango wa machimbo. Vijana wa Manzese, Tandale na Mbagala waliokata tamaa ya vibarua vya mjini walipanda mabasi ya Kahama na Mwanza wakiwa na begi moja. Wengi walirudi na kifua kibovu. Wachache walirudi na fedha za kununua kiwanja, wakati viwanja vya pembezoni mwa jiji vilipokuwa bado rahisi. Bidhaa za Kariakoo ziliwafuata huko: vitenge, redio, pampu, tochi. Mji wa rashi na mtaa wa uswahilini ni ndugu. Vyote viwili vimejengwa na watu wasiosubiri ramani, na vyote viwili huishi kwa hofu ya barua inayosema hapa si pako.

1996–2007: Uzio

Barua hiyo ilifika Bulyanhulu. Mwaka 1994 leseni ya eneo ilikuwa imetolewa kwa kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mwisho wa Julai 1996 serikali iliamuru wachimbaji wadogo waondoke. Maelfu kwa maelfu waliondoka na vyombo vichwani, na maduara yakafukiwa. Madai kwamba zaidi ya wachimbaji 50 walikuwa bado chini wakati wa kufukia yalitolewa wakati ule na hayajaacha kusemwa. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia, iliyotoa ripoti mwaka 2002, haikuyaunga mkono. Wanasheria watetezi wa mazingira na familia za waliohamishwa waliendelea kudai uchunguzi huru. Hata anayeliweka kando swali la waliofukiwa, akawatazama waliohamishwa tu, anabaki na jambo lisilobishaniwa: mji mzima wa watu ulifutwa kwa siku chache, na daftari halikuwa na ukurasa wao.

Nyuma ya uzio huo palikuwa na fikra. Miaka ya 1990 wafadhili walizishauri nchi za Kiafrika zivutie mitaji mikubwa ya madini. Tanzania ikatunga sera ya madini mwaka 1997 na sheria mwaka 1998: mrabaha wa dhahabu asilimia 3, na ruhusa kwa mgeni kumiliki mgodi kwa asilimia mia. Matokeo yalikuja haraka. Golden Pride ya Nzega ilianza mwishoni mwa 1998, Geita ikafunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 ikiwa mikononi mwa Barrick, North Mara 2002, Tulawaka 2005, Buzwagi 2009. Nchi ambayo muda mfupi kabla ya hapo kumbukumbu zake rasmi zilikuwa hazifikishi tani moja kwa mwaka ikawa inatoa zaidi ya tani 40, ya tatu Afrika baada ya Afrika Kusini na Ghana.

Ungesimama Geita miaka ile ungeona miji miwili. Mmoja ulikuwa ndani ya uzio, una umeme, uwanja wa ndege na hospitali. Wa pili uliuzunguka uzio, na chakula chake kilikuwa magwangala: mawe ya taka yanayotupwa na mgodi, ambayo wenyeji huyapekua wakitafuta kipande kilichosahauliwa. Neno hilo limebeba historia nzima. Watu ambao babu zao waliona mwamba kwanza wakawa wanaomba makombo yake. Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara, hali ilikuwa kali zaidi. Vijana waliingia kwa makundi kutafuta mawe, na polisi waliwakabili kwa risasi. Mwezi Mei 2011 watu watano waliuawa katika tukio moja.

2007–2019: Ugomvi wa daftari

Manung'uniko yalipanda kutoka machimboni hadi Bungeni. Mwaka 2007 habari kwamba mkataba wa Buzwagi ulisainiwa London ilizua mjadala mkali, na mwishoni mwa mwaka huo Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia mikataba ya madini. Sheria mpya ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha hadi asilimia 4. Mwaka 2012 Geita, iliyokuwa wilaya, ikawa mkoa.

Bado swali la msingi lilibaki: nani anahesabu? Ndipo tunaporudi Kurasini. Mei 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilimwambia Rais Magufuli, mzaliwa wa Chato katika mkoa huohuo wa Geita, kwamba makontena 277 yaliyozuiwa yalikuwa na tani 7.8 za dhahabu. Acacia, kampuni tanzu ya Barrick iliyokuwa na migodi yalikotoka makontena hayo, ilisema kiasi hicho ni kikubwa mno kupita ukweli; yenyewe ilikuwa imetaja takriban tani moja. Kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikafuata mwezi Juni, na mwezi Julai likaja dai la kodi la dola bilioni 190. Taifa lilikuwa limegawanyika kati ya walioamini hesabu ya serikali na walioamini ya kampuni, huku wengi wetu tukiwa hatuna hesabu yoyote ya kwetu ya kulinganisha. Hilo peke yake lilieleza mengi: miaka kumi na sita baada ya Bulyanhulu kufunguliwa, mwenye mwamba alikuwa bado anabishania kilichomo ndani ya kontena.

Ugomvi uliishia mezani. Sheria za Julai 2017 ziliipa serikali hisa zisizolipiwa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6. Barrick ilinunua Acacia yote mwaka 2019, ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza mgogoro, na ikaunda pamoja na serikali kampuni ya Twiga, iliyosainiwa rasmi Januari 2020. Zipo gharama pia: uwekezaji mpya ulisita, migodi ilipunguza wafanyakazi, na Kahama ilihisi pengo hilo madukani.

2019 hadi sasa: Mizani yasogea

Wakati macho yote yalikuwa kwa wakubwa, mabadiliko ambayo naamini yatakumbukwa zaidi yalimhusu mdogo. Januari 2019 wachimbaji wadogo walikutana na Rais jijini Dar es Salaam, wakaeleza kwamba kodi zikirundikana juu ya jasho lao, magendo ndiyo njia pekee inayobaki. Muda mfupi baadaye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwao. Mwezi Machi soko la kwanza la dhahabu likafunguliwa Geita, na mengine yakafuata mikoani.

Ukiwa sokoni unaona jambo dogo lenye maana kubwa. Mchimbaji mwenye gramu tatu anaingia, dhahabu inapimwa mbele yake kwa mizani iliyokaguliwa, bei ya siku iko wazi, mrabaha unakatwa, risiti inatoka. Miaka yote mizani ilikuwa mfukoni mwa dalali. Mchango wa wachimbaji wadogo katika dhahabu iliyoandikwa rasmi ukapanda, na kiwanda cha kusafisha dhahabu kikafunguliwa Mwanza mwaka 2021. Benki Kuu ilirudi tena kununua, safari hii ikiweka dhahabu ya ndani katika akiba ya taifa, na tangu Oktoba 2024 wanaouza dhahabu nje ya nchi wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili yake. Kwa mara nyingine, kama ilivyokuwa kwa sarafu ya tembo, dhahabu ya hapa inageuzwa kuwa fedha ya hapa. Tofauti ni kwamba hii si ya jeshi linalokimbia.

Hatari hazijaondoka. Zebaki bado inachomwa karibu na majiko ya kupikia. Maduara bado yanaporomoka. Mwishoni mwa 2015 wachimbaji watano walitolewa hai katika shimo la Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao mmoja alikuwa amefia humohumo. Na bei iliyovuka dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba 2025 inaita vijana wengi zaidi kuliko miti ya matimba iliyopo.

Urithi: Kitakachobaki

Migodi ya awamu ya 1998 imeanza kufa mmoja mmoja. Golden Pride imekwisha, na Buzwagi ilisimamisha kazi mwaka 2021, eneo lake likipangiwa kuwa la viwanda. Kahama haijaporomoka kama Geita ilivyonyamaza baada ya 1966, na sababu inaonekana kwa macho. Safari hii mji una wachimbaji wadogo, mpunga, mizigo ya Rwanda na Burundi, na wafanyabiashara ambao fedha yao haikutoka kwa mwajiri mmoja. Miji iliyojengwa na rashi imekuwa na mizizi imara kuliko ile iliyojengwa na uzio.

Daftari nalo limesogea, kutoka London na pwani hadi sokoni Geita. Umebaki ukurasa mmoja ambao haujafunguliwa vizuri. Kila mgodi mkubwa hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo yake, na sheria inautaka upange miradi ya jamii pamoja na halmashauri hiyo. Hizo ni fedha za madarasa, visima na zahanati. Je, mwananchi wa Nyamongo au Kakola anaweza kuingia ofisi ya kijiji na kuonyeshwa zimeingia ngapi na zimejenga nini? Pale jibu litakapokuwa ndiyo, mgodi ukifungwa utaacha mji. Pale litakapokuwa hapana, utaacha shimo lenye maji.

Malori bado yanapita Mandela. Usiku, ukiwa Buguruni au Tazara, unayasikia yakishusha gia kuelekea bandarini, na kwa miaka mingi hatukuuliza yamebeba nini. Mwaka 2017 tuliuliza kwa mara ya kwanza, tena kwa sauti kubwa. Tunapaswa kuendelea kuuliza, na swali letu liende mpaka kule mwamba ulikotoka: walioutoa ardhini wamebakiwa na nini, na kimeandikwa wapi?